Gari Ni Langu, Soketi Ni ya Mwenye Nyumba

Nilishuka saa kumi na moja na nusu alfajiri nikakuta waya wa kuchaji umekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya boneti. Haukukatwa, haukuibiwa. Mtu alikuwa ameuchomoa usiku, akaukunja bila haraka, akauacha mahali ambapo lazima ningeuona.

Niliwasha gari langu la umeme. Betri: asilimia 23.

Kutoka Ruaka, nje kidogo ya Nairobi, hadi kazini kwangu Upper Hill na kurudi ni kilomita thelathini na kitu, na jioni barabara inapanda. Asilimia 23 ingenifikisha. Haingenirudisha.

Keateka, msimamizi wa jengo, alitoka kwenye chumba chake kando ya geti, bado anafunga koti. "Madam, pole sana. Ni mimi nimechomoa. Mzee mwenye nyumba alinipigia simu usiku akasema nichomoe."

"Alisema kwa nini?"

"Watu wamelalamika. Wanasema wanakulipia stima ya gari."

Siku hiyo nilifika kazini, mchana nikachaji kwenye moli moja, jioni nikarudi nyumbani salama. Usumbufu wenyewe uliisha kabla jua halijazama. Lakini maneno ya mwisho ya keateka yamekaa nami wiki baada ya wiki. Nimeyabeba kazini, nimeyabeba kanisani, nimeyabeba hadi Limuru kwa mama. Leo nayaandika.

"Ni kama kuchaji simu tu"

Hivyo ndivyo alivyoniambia aliyeniuzia gari mwaka 2023. Ukifika nyumbani unachomeka, unalala, unaamka limejaa. Ni kama kuchaji simu tu.

Kuhusu gari lenyewe hakunidanganya. Ni Nissan Leaf ya 2016, ilitoka Japani kama magari yetu mengi, na yule dada wa Kijapani ndani ya redio bado ananisalimia kila asubuhi akiniambia sijaweka kadi ya barabara za kulipia. Kwenye jam ya Limuru Road halingurumi wala halitetemeki. Ukitoa mguu kwenye mwendo, gari linajipunguza na kurudisha umeme kidogo kwenye betri. Hakuna oili ya kubadilisha, hakuna plagi, hakuna mkanda wa injini. Breki hazijaguswa, kwa sababu kazi kubwa ya kupunguza mwendo inafanywa na mota. Kuna betri ndogo ya volti 12 ambayo ikilala gari zima halizinduki, hata kama betri kubwa imejaa pomoni. Hiyo nimebadilisha mara moja. Baada ya hapo Kirinyaga Road nimeipitia tu, sijaingia kutafuta spea.

Na pesa. Gari langu linanipa kama kilomita tano na nusu kwa kila uniti ya umeme, yaani kilowati-saa moja, iliyohesabiwa na mita. Nasema iliyohesabiwa na mita kwa makusudi: si umeme wote unaotoka ukutani unaofika kwenye betri, sehemu inapotea kama joto wakati wa kuchaji, na dashibodi haikuonyeshi hasara hiyo. Kwa mwendo wangu wa mwezi, kwa bei za wakati ule, ilikuwa shilingi elfu tano hivi za stima. Kumbukeni mafuta yalikuwa wapi. Tarehe 15 Septemba 2023 lita ya petroli Nairobi ilivuka shilingi 200 kwa mara ya kwanza, ikawa 211.64, na mwezi uliofuata ikawa 217.36. Gari langu la zamani kwa kilomita zilezile lingekula zaidi ya elfu kumi na tano.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama gari la umeme linafaa Nairobi, nitamjibu ndiyo kwa moyo wote. Hali ya hewa yetu hata inalisaidia. Betri ya Leaf haina mfumo wa kupozwa kwa maji, na joto ndilo linaloizeesha. Hewa ya Nairobi na Kiambu ni rafiki kwake kuliko ya Mombasa.

Lakini simu unapanda nayo ghorofani hadi kitandani. Gari linabaki chini, kwenye ardhi ya mtu mwingine, kando ya ukuta wa mtu mwingine, na soketi iliyo kwenye ukuta ule ina mwenyewe.

Hilo hakuna aliyenieleza. Nimesoma mengi kuhusu magari haya kabla na baada ya kununua: umbali, betri, kasi ya kuchaji, bei ya kuuza tena. Karibu yote yameandikwa na watu wenye geti lao.

Hofu iliyokwisha, na nyingine iliyoanza

Mwanzoni nilikuwa na hofu ambayo kila mtu huwa nayo, ya kuishiwa njiani. Betri yangu ilipotoka kiwandani ilikuwa ya kilowati-saa 30. Ilipofika Mombasa ilikuwa imeshapoteza vijiti viwili kati ya vile 12 vinavyoonyesha afya yake. Sheria yetu inakataza kuingiza gari lililopita miaka 8, na kwa gari la petroli kipimo hicho kina maana yake. Kwa gari la umeme umri pekee hauelezi kitu. Magari mawili ya mwaka mmoja yanaweza kuwa na betri zenye hali tofauti kabisa, kutegemea yalikaa mji gani na yalichajiwa vipi. Nilipata kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani kinachozungumza na programu ya simu, nikawa naiangalia afya ya betri kila jioni kwa wasiwasi mwingi.

Safari ya Limuru ndiyo iliyoniponya. Kule ni juu zaidi ya mita 2,000, na Julai kuna baridi na ukungu. Kupanda, asilimia zilishuka kwa kasi iliyonifanya nizime hita na kuvaa koti ndani ya gari. Mama alinipokea kwa uji, akauliza kama gari limechoka. Kesho yake, kuteremka, asilimia karibu zilisimama palepale kwa kilomita nyingi, maana mteremko ulikuwa unarudisha kile mlima ulichochukua. Nikaelewa kwamba barabara nayo ina hesabu yake, na ukishaijua hofu inapungua.

Kisha ikaja Ijumaa usiku, tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipopotea karibu nchi nzima na kukaa masaa mengi. Wengine mlinitumia ujumbe: sasa gari lako utalifanyaje? Lilikuwa na zaidi ya nusu. Jumamosi niliendesha kama kawaida. Hofu hiyo ya stima kupotea nimeikuta kubwa zaidi kwa watu wasio na gari la umeme kuliko kwangu mimi niliye nalo. Halafu pampu za petroli nazo huendeshwa na stima.

Hofu iliyobaki haikuwa ya barabara. Ilikuwa ya kurudi nyumbani.

Nitapata nafasi yangu ile ya kuegesha, karibu na soketi, au kuna mgeni wa mtu ameiziba? Swichi itakuwa imewashwa? Kuna mtu amesema kitu?

Kikao

Mpango wangu na mwenye nyumba ulikuwa wa mdomo. Ningetumia soketi ya ukutani pale chini, ile keateka anayotumia kwa mashine ya kuoshea sakafu, na kila mwezi ningemtumia shilingi elfu tano pamoja na kodi. Soketi hiyo iko kwenye mita ya pamoja, inayohesabu pampu ya maji, taa za ngazi na taa za geti. Bili ya mita hiyo hugawanywa sawa kwa nyumba zote.

Nilituma pesa kila mwezi. Ninazo risiti za simu. Lakini kwenye ile karatasi inayobandikwa ukutani mwisho wa mwezi, bili ya pamoja ilionekana imepanda, na hakukuwa na mstari unaoonyesha elfu tano zangu zimeingia wapi.

Jumapili iliyofuata tulikaa kikao pale chini, wengine kwenye viti vya plastiki, wengine wamesimama. Nilionyesha risiti. Baadhi walinyamaza, baadhi walisema basi mwulizeni mzee. Nilidhani limekwisha.

Ndipo mama wa ghorofa ya pili akasema, kwa sauti ya chini kabisa: "Mimi sijasema unaiba, jirani. Mimi huzima friji usiku ili tokeni zifike mwisho wa mwezi. Nikishuka kufua asubuhi naona gari linakunywa stima usiku kucha. Hata kama unalipa, mimi sijui unalipa kiasi gani, na hakuna anayejua limekunywa kiasi gani."

Hakukuwa na jibu la risiti kwa maneno hayo.

Alikuwa na hoja, na ilikuwa nzito kuliko malalamiko yaliyoletwa kwa keateka. Hakupinga gari. Alisema kwamba kitu kikubwa kinapita kwenye ukuta wetu sote na hakina kipimo. Mimi nilikuwa na kipimo changu kwenye dashibodi, nikakiamini. Mzee alikuwa na kiasi chake kwenye simu. Yeye hakuwa na chochote isipokuwa sehemu yake ya bili.

Tangu siku hiyo nimeacha kulifikiria jambo hili kama ugomvi wa majirani. Ni jambo la mita.

Hita ya kuogea na gari, nani mlaji?

Nilimwita fundi wa stima mwenye leseni. Nilitaka aniambie kwa namba, kwa sababu kwenye kikao kulikuwa na kauli nyingine iliyorudiwa sana: kwamba gari litaunguza transfoma.

Akanieleza hivi. Nikichaji kwa plagi ya kawaida ya pini tatu, gari linavuta chini kidogo ya kilowati 3. Zile hita za kuogea tulizonazo karibu kila fleti, zile za papo kwa papo, huvuta kilowati 5 na zaidi kila moja. Saa kumi na mbili asubuhi, jengo lote likiwa linaoga, mzigo kwenye laini kubwa ni wa hita kadhaa kwa pamoja. Gari moja haliongezi kitu cha kutisha.

Tofauti iko kwenye muda. Mtu huoga dakika kumi. Gari linavuta saa saba, nane, bila kupumzika. Soketi ya kawaida, waya mwembamba ndani ya ukuta na plagi iliyolegea vinaweza kustahimili pasi kwa nusu saa na visistahimili mzigo huo usiku mzima. Aligusa soketi ile ya ukutani baada ya saa mbili za kuchaji, akanishika mkono akauweka pale. Ilikuwa ya moto.

"Hii ndiyo mzee angepaswa kuogopa," akasema. "Si transfoma. Hii."

Na kuhusu waya za kurefusha, zile watu wanazoteremsha kutoka dirishani: aliniambia ameshaona zilizoyeyuka zikiwa zimeviringwa kwenye gurudumu lake, kwa sababu waya ukiviringwa hauna pa kutolea joto. Nawasihi wanaosoma haya na wanafanya hivyo, leo usiku waukunjue wote, na kesho watafute njia nyingine.

Fikra ya kuteremsha waya kutoka kwenye mita yangu mwenyewe ya ghorofa ya nne tuliiacha palepale. Na hata ingewezekana, kuna jambo la daraja. Kwa bei za Aprili 2023, anayetumia kati ya uniti 30 na 100 kwa mwezi alilipa msingi wa shilingi 16.30 kwa uniti, na anayezidi 100 alilipa 20.97, kabla ya kodi na tozo. Daraja hupangwa kwa wastani wa miezi mitatu. Gari lingenitoa daraja moja na kuniweka jingine, na kuanzia hapo hata taa ya jikoni ingelipiwa bei ya juu.

Kijana wa bodaboda

Nilikuwa kwenye moli ile ninapochaji mchana, nimekaa ndani ya gari nasubiri, nikamwona kijana amefika na pikipiki ya umeme. Akafungua kiti, akatoa betri, akaibeba kwa mkono mmoja hadi kwenye kabati lenye betri nyingine, akachukua iliyojaa, akairudisha, akaondoka.

Mimi bado nilikuwa pale. Muda wote huo asilimia zangu zilikuwa zimepanda kidogo tu.

Nilimfuata siku nyingine nikamwuliza anaishi wapi. Chumba kimoja, Banana, mita ya pamoja na nyumba nyingine. Je, huwa anachaji nyumbani? Akanitazama akashangaa. "Kwa nini nichaji nyumbani, auntie? Betri si yangu. Nalipia umeme uliomo."

Hilo jibu lilinibadilishia mawazo kuliko kitu kingine chochote mwaka huu. Tunapozungumza kuhusu nani ataweza kuhamia umeme, tunadhani swali ni bei ya chombo. Kijana huyu anaishi kwenye chumba kidogo kuliko changu, ana kipato kidogo kuliko changu, na amehamia umeme kwa ukamilifu kuliko mimi. Waliojenga mfumo ule walianza na ukweli kwamba mteja wao hana soketi ya kwake. Betri ikatolewa kwenye pikipiki, ikatolewa kwenye nyumba, na mwenye ploti akatoka kwenye hesabu kabisa.

Gari langu linatoka kwenye mji wa mtu mwenye maegesho yake. Liliundwa kwa ajili yake, likatumika kwake, likaletwa kwangu pamoja na dhana hiyo ndani yake.

Hii ndiyo sababu sipendi tunapojumlisha pikipiki, mabasi na magari madogo na kusema Kenya inaendelea vizuri. Mwaka 2020 serikali iliweka lengo kwamba kufikia 2025 asilimia 5 ya magari yanayosajiliwa yawe ya umeme. Bodaboda zinakimbia. Mabasi yana dipo zake. Gari dogo limesimama chini ya fleti linamsubiri keateka.

Umeme wa bei nafuu, ng'ambo ya barabara

Kuna bei maalumu ya umeme kwa ajili ya kuchaji vyombo vya usafiri. Ilianza Aprili 2023: shilingi 16 kwa uniti saa za kawaida, na shilingi 8 saa za usiku, kabla ya kodi na tozo. Sababu yake ni nzuri. Mvuke wa Olkaria unaozungusha mitambo ya umeme hautulii ati kwa kuwa watu wamelala. Chini ya ardhi ya Naivasha unaendelea kutoka, na saa nane usiku mahitaji ya nchi yakiwa chini sehemu ya mvuke huo huachiwa hewani bila kuzalisha kitu. Gari linalochaji saa hizo linakunywa kile ambacho kingemwagwa. Ninapoendesha naamini kabisa katika hilo. Sehemu yake kubwa ni umeme wetu, wa mvuke wetu, wa upepo wa Ziwa Turkana na wa mabwawa ya mto Tana, na haujapita kwenye meli ya mafuta.

Lakini bei hiyo inataka mita yake pekee. Na kwenye ploti ya kupanga, anayeomba laini mpya ni mwenye ploti, au mtu aliyepewa idhini na yeye.

Kutoka kwenye balkoni yangu naiona miti ya Runda, mtaa wa matajiri. Mwenye nyumba kule anaweza kuomba mita ya pili, akaweka saa ya kuanza kuchaji saa nne usiku, akalipa bei ya usiku. Mimi niliye ng'ambo hii, ninayemaliza mshahara kwenye kodi, ndiye ninayelipa uniti ya bei ya juu na mchana kuongeza ile ya moli, ambayo ni ghali zaidi.

Sisemi hivi kumchukia mtu wa Runda. Nasema mpangilio uliokusudiwa kusaidia unafika kwanza kwa asiyehitaji msaada.

Alichoogopa mzee

Nilikwenda kumwona mwenye nyumba kwake, nikiwa na fundi. Ni mzee wa heshima, alijenga jengo lile kwa miaka, ghorofa moja baada ya nyingine kadiri pesa ilivyopatikana. Alitukaribisha chai.

"Msichana wangu," akasema, "wewe mmoja si shida. Nikikuruhusu wewe, mwaka kesho wakija watano?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali la moto, na la bili. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo, na ndilo swali sahihi. Watano wakichomeka wote wakifika saa moja jioni, wakati watu wanapika na kuoga, ni kilowati 15 juu ya mzigo uliopo. Hapo laini ya jengo inaweza kuelemewa kweli.

Fundi akamjibu kwa utulivu. Magari haya yana saa ndani yake. Yanaweza kupangwa yaanze saa nne usiku, na yapokezane. Kuanzia saa hiyo hadi alfajiri jengo limelala, na laini ileile iliyobeba hita zote asubuhi iko karibu tupu. Kinachotakiwa ni laini moja tofauti kutoka kwenye bodi kuu, waya wa milimita 6 badala ya ule mwembamba, sakiti breka yake, kinga ya shoti, waya wa ardhini uliopimwa, na mita ndogo ya tokeni, zilezile ambazo wenye ploti wengi wameshawawekea wapangaji wao.

Mzee aliuliza ni nani atalipia.

Nikasema mimi.

Akauliza siku nikihama?

Nikasema itabaki.

Alikaa kimya muda mrefu kidogo, kisha akasema wacha afikirie. Mwomba chumvi huombea chungu chake, kwa hiyo nilirudi tena, na tena. Kilichomshawishi mwisho hakikuwa mimi. Mpangaji mtarajiwa, aliyekuja kuangalia fleti ya ghorofa ya tano, alimwuliza keateka kama anaweza kuchaji gari. Keateka akampelekea mzee swali hilo jinsi lilivyo.

Mita ndogo

Sasa iko ukutani. Nanunua tokeni zangu, namba inayobaki inaonekana kwa kila apitaye. Mama wa ghorofa ya pili alikuja akaitazama siku ya kwanza, akaniuliza uniti moja inanipeleka wapi. Nikamwambia: kama theluthi ya safari ya kwenda mjini. Akahesabu kimoyomoyo, akasema, "Hiyo ni chini ya nauli ya matatu." Ni kweli, hasa siku za mvua nauli inapopanda.

Bado sina bei ya usiku. Mita ndogo iko chini ya mita kubwa ya jengo, na mita kubwa haijui kwamba kuna gari. Na nimelipia kitu kilichofungwa kwenye ukuta usio wangu, ambacho nikihama nakiacha. Wakati mwingine naamka usiku nikifikiria kwamba nimemwongezea mwenye nyumba thamani ya ploti kwa mshahara wangu. Wakati mwingine naona ni bei ya haki kwa amani niliyoipata. Sijaamua, na sidhani natakiwa niamue peke yangu, kwa sababu jambo hili halikupaswa kutegemea ukarimu wa mzee mmoja na subira ya mpangaji mmoja.

Ujerumani, tangu Desemba 2020, mpangaji ana haki kisheria ya kudai aruhusiwe kuweka chaja kwa gharama yake, na mwenye nyumba akikataa lazima awe na sababu nzito. Norway, ambako mwaka 2024 karibu magari tisa kati ya kumi mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme, tangu 2018 mwenye fleti kwenye jengo la pamoja hawezi kunyimwa chaja na kamati ya jengo bila sababu ya msingi. Hata huko sheria ya Norway inamtazama mwenye fleti, si mpangaji. Ethiopia ilizuia kuingiza magari ya petroli na dizeli mwanzoni mwa 2024, na ninapoona picha za yale majengo ya kondominiamu ya Addis Ababa, safu kwa safu, swali langu ni lilelile: waya unashukia wapi?

Kwetu, jengo jipya linaweza kusaidiwa kwa bei ndogo. Kuacha bomba tupu la kupitisha waya kutoka bodi kuu hadi maegesho wakati zege linamwagwa ni kazi ndogo kabisa. Kulichimba baadaye ndiko kunakogharimu. Tangu sheria ya nyumba za bei nafuu ya 2024, kila mwenye mshahara anakatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya fleti zinazojengwa sasa hivi. Mimi nakatwa. Nataka kuona mabomba hayo kwenye ramani zake, kwa pikipiki na magari, kabla zege halijakauka. Nimeanza kuandika barua kwa mwakilishi wetu wa wadi na nitaiweka hapa ikikamilika.

Ila barua ya mtu mmoja mwenye kisa kimoja ni nyepesi. Kama unapanga na una gari au pikipiki ya umeme, popote ulipo, niandikie mambo haya: mita unayotumia ni ya nani, unalipa kwa uniti au kwa mwezi, nani alilipia laini, na mlikubaliana nini kuhusu siku utakapohama. Jina la jengo au la mwenye nyumba usiniandikie. Na kama ulikataliwa, niambie sababu uliyopewa, kwa maneno yaleyale uliyoambiwa.